Arosto ikiisha, tiba ndiyo kwanza inaanza

Familia ikimpeleka kijana wake kwenye nyumba ya upataji nafuu, swali la kwanza mlangoni huwa: atatoka lini? Swali hilo linaeleweka, maana ada inadaiwa kila mwezi na majirani hawaishi kusema. Lakini ndilo linalotuponza. Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuiacha dawa, pamoja na jasho baridi, kuhara, viungo kuuma na usiku usio na usingizi, hupamba moto siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Anayemwona mwanawe amekaa mezani anakula tena huamini kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo penye hatari kubwa. Mwili uliokaa bila unga, yaani heroini, husahau kuuhimili, ilhali hamu bado imo kichwani. Kete aliyoizoea miezi miwili iliyopita sasa inaweza kumkata pumzi. Ndiyo maana nasema tiba ya uraibu ipimwe kwa muda inaomshikilia mtu, si kwa haraka ya kumsafisha.

Ushahidi upo. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini. Walipokuwa kwenye tiba, walikufa takriban 11 kwa kila 1,000 kwa mwaka, walipoiacha, 36. Wiki nne za kwanza baada ya kuacha zilikuwa mbaya kuliko zote. Mfano mwingine ni mji wa Baltimore, Maryland, nchini Marekani. Kati ya 1995 na 2009, kadiri methadoni na dawa nyingine ya aina hiyo, buprenofini, zilivyowafikia watu wengi zaidi mjini humo, vifo vya kuzidisha heroini vilipungua. Baadaye fentanili, dawa kali kuliko heroini, ikaingia mitaani na vifo vikapanda tena. Hilo linaonyesha jinsi sumu yenyewe ilivyobadilika. Halifuti yale ambayo tiba ilikuwa imefanya.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi ninalolisikia misikitini, makanisani na hata kwa baadhi ya wauguzi: si mmemwachisha dawa moja mkampa nyingine? Twende kwenye dirisha la dawa la Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako Tanzania ilianza kutoa methadoni Februari 2011. Mgonjwa anataja jina lake, anapewa kikombe kidogo chenye dawa ya maji, anainywa hapo hapo mbele ya mtoa dawa, na anatakiwa aseme neno ili ionekane amemeza. Dozi hiyo hukaa mwilini siku nzima. Ikishapimwa sawasawa hailewi; inazuia arosto tu. Mtu wa unga huamka akiwaza kete, na zikipita saa chache anaiwaza nyingine. Mchana wake wote unaliwa na kutafuta. Aliyekunywa kikombe asubuhi anabaki na mchana wake: wa kazi, wa kumpeleka mtoto kliniki, wa kuzungumza na mshauri. Mwenye kisukari hatumwambii kuwa ni mtumwa wa insulini.

Wengine husema, mbona wanarudia? Ni kweli, wengi hurudia. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, NIDA, inakadiria asilimia 40 hadi 60, na inasema kiwango hicho hakitofautiani sana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu wanaoacha masharti ya tiba. Presha ikipanda tena tunarekebisha dawa. Teja akirudia tunamfungia mlango. Nyumba za upataji nafuu za Zanzibar, ambazo nyingi huendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu, zinaufungua mlango huo kwa namna ambayo daktari peke yake hawezi: anayekupokea anaijua arosto kwa mwili wake, na wewe huwezi kumdanganya.

Linalobaki ni nauli na muda. Kwenda kliniki kila siku, miaka na miaka, kunamshinda hata mwenye nia. Marekani ililegeza masharti mwaka 2020 wakati wa UVIKO, na tangu 2024 kanuni za serikali kuu zinaruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dozi za hadi siku 28 akanywe nyumbani. Hilo ni muhimu, kwa kuwa fundi anayetakiwa kuwa kazini saa kumi na mbili alfajiri hawezi wakati huo huo kusimama kwenye foleni ya dirishani.