Shampeni kwa Panga: Simulizi kutoka Diepsloot

Jumamosi moja nilialikwa Diepsloot, kaskazini mwa Johannesburg, kumpongeza mwenzetu aliyehitimu, wa kwanza katika ukoo wao. Nyama ilikuwa jikoni, muziki juu. Mara mjomba wake akasimama, chupa ya mvinyo wa povu mkono mmoja, panga mkono wa pili. "Sogeeni muone!" Watoto wakakimbilia mbele. Moyo ukanienda mbio.

Mchezo huu ni wa zamani. Husimuliwa kwamba askari wapandafarasi wa Napoleon walifungua shampeni kwa panga zao. Afrika Kusini nayo ina mvinyo wake wa namna hiyo, Cap Classique. Wa kwanza, Kaapse Vonkel, ulitengenezwa na shamba la Simonsig, Stellenbosch, mwaka 1971.

Wengi hudhani panga hukata kioo. La hasha. Ndani ya chupa mna mgandamizo wa angahewa 5 hadi 6, mara mbili au tatu ya ule wa tairi la gari. Ubavuni chupa ina mshono, na mshono huo unapokutana na ukingo wa mdomo ndipo palipo dhaifu. Panga likiteleza juu ya mshono na kugonga ukingo, ufa huizunguka shingo, kisha mgandamizo humalizia kazi: kizibo na pete ya kioo huruka pamoja. Ndiyo maana mgongo butu wa panga hutosha.

Lakini chupa sharti iwe baridi sana, isitikiswe, na ielekezwe pasipo mtu. Yenye joto yaweza kupasukia mkononi. Ile ya mjomba ilikuwa imekaa juani tangu asubuhi.

Nikamnong'oneza, "Malume, tuiweke kwanza kwenye barafu." Akacheka, akakubali. Nusu saa baadaye akainyanyua tena, akatafuta pa kuielekeza. Kushoto mabati ya jirani, kulia kamba ya nguo na mtoto chini yake, mbele mlango wa watu. Diepsloot nyumba zimebanana. Hapakuwa na upande ulio wazi.

Akaliweka panga chini, akazungusha chupa polepole kwa mkono. Ikatoa sauti ndogo tu. Bibi akapiga vigelegele, na mhitimu akamiminiwa wa kwanza.

Hakuna aliyelalamika. Siku tuliyoingoja miaka yote ile haikuishia kliniki.