Matarishi wa Kondo la Nyuma

Mkunga anapoliweka kondo la nyuma katika beseni na kuligeuza kwa vidole kutazama kama limetoka zima, waliomo chumbani huwa wamekwisha kumwelekea mtoto, na lile pande la nyama, lenye uzito wa karibu nusu kilo, halipati hata salamu. Ilhali ndilo lililokuwa pafu lake, figo yake na tumbo lake muda wote wa mimba.

Kondo limeumbwa kwa chembe hai zisizohesabika, na chembe hizo hukaa zikisikiliza. Jirani zake huzipelekea protini ndogo ndogo mfano wa matarishi, zibishazo hodi katika utando wa nje wa chembe, nayo kwa kadiri ya habari iliyoletewa huishi, huzaana, au hujiua kwa utaratibu, ikijikatakata vipande pasipo kuwadhuru wenziwe. Kifo hicho peke yake si maradhi. Maradhi ni kuzidi kwake.

Tarishi mmoja wa kheri huitwa EGF. Stanley Cohen alimkuta katika tezi za mate za panya: vitoto vya panya vilivyodungwa maji ya tezi hizo vilifumbua macho kabla ya siku zao, na ajabu hiyo ndogo ikamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986, pamoja na Rita Levi-Montalcini. Wataalamu walipozilea chembe za kondo katika vyombo vya maabara, waliona kwamba TNF-alfa na interferoni gama, protini ambazo mwili huzitoa kupigana na vijidudu, zikishirikiana huziua. Lakini EGF akiwapo, nyingi husalimika.

Kwetu habari hii si ya maabara tu. Mwaka 1996, kwa utafiti uliofanywa Kisumu, Michal Fried na Patrick Duffy walibainisha kuwa chembe za damu zenye vimelea vya malaria hujishikiza katika sukari maalumu iliyomo kwenye kondo. Askari wa mwili hukusanyika hapo, TNF-alfa huzidi, na mtoto aghalabu huzaliwa mwepesi, hali mama pengine hakupata hata homa. Kliniki hutoa vidonge vya SP vya kukinga malaria baada ya wiki ya 13 ya mimba, dozi zisizopungua tatu, mwezi mmoja baina ya dozi na dozi. Mwenye mimba asingoje homa ndipo aende kuviulizia.