Kutuma CV Masoro: kwa mkono au kwa imeli?



Karibu kila familia kambini ina kijana anayetafuta kazi, na wengi wakisikia neno Masoro wanawaza viwanda. Ni kweli: huko, wilayani Gasabo, ndiko liliko Eneo Maalum la Kiuchumi la Kigali. Volkswagen walifungua kiwanda chao cha kuunganisha magari mwaka 2018, na kile cha BioNTech kilizinduliwa Desemba 2023. Tena sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Shida ni kwamba nauli ya kutoka Mahama au Kiziba inatoka kwenye pesa ya chakula cha watoto, halafu bahasha inaishia mezani kwa mlinzi. Basi tupange kabla ya kupanda basi.

Kwanza, soma tangazo. Likisema imeli, tuma imeli. Likisema ujaze kwenye intaneti, jaza huko. Ukipeleka karatasi mahali walipotaka imeli, umetupa nauli.

Kwa mkono. Njia hii inafaa kazi za mikono: kushona, kupakia mizigo, usafi, ulinzi. Mara nyingi mwenye kiwanda anataka kukuona ukishika kazi, siyo kusoma kurasa tano. CV ya ukurasa mmoja inatosha. Juu ya bahasha andika jina lako, namba ya simu na kazi unayoomba. Uliza jina la anayepokea, na uandike tarehe. Peleka kopi tu. Diploma ya asili isibaki getini hata siku moja. Usisahau kitambulisho cha mkimbizi na, ukitoka kambini, karatasi ya ruhusa.

Kwa imeli. Hii ni ya kazi za ofisi, uhasibu, kompyuta, ufundi wa kusomea. CV na barua viwe PDF, na faili ipewe jina lako, siyo "CV mpya 3". Kwenye kichwa cha imeli andika jina la kazi. Ndani weka mistari mitatu minne ya salamu na maelezo. Imeli tupu haimvutii mtu. Ukichapisha sekretariati, tumia anwani yako mwenyewe, siyo ya mwenye duka, maana jibu litaenda kwake.

Kwa kupitia mtu. Kama shemeji au jirani anafanya kazi huko, mwambie akujulishe nafasi zikitoka na akuelekeze kwa anayeajiri. Hilo siyo kosa. Lakini mtu akisema "lete pesa kidogo CV ifike kwa bosi", kimbia. Huyo anauza njaa yako. Picha ya kitambulisho pia usimtumie mtu usiyemjua kwenye simu.

Na wale waliopoteza vyeti wakati wa kukimbia? Wasinunue vya uongo. Vikigunduliwa, kazi imekwenda na jina limechafuka. Andika ukweli: ulisoma wapi, mwaka gani, ulifanya kazi gani, kisha omba upewe jaribio. Mshonaji abebe nguo aliyoishona. Andika pia lugha zako. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na biashara ya Afrika Mashariki inakihitaji. Kiswahili chetu siyo kitu cha kuficha!

Mwisho, jambo la nyumbani. Simu moja mara nyingi inatumiwa na watu watano. Mkubaliane nani atapokea, na kila mtu ajue kwamba mtoto wa nyumba ameomba kazi. Mwajiri akipiga akasikia "hatumjui huyo", hatapiga tena. Simu iwe na chaji, na namba isibadilishwe. Weka kidaftari: umetuma wapi, lini, kwa njia gani. Wiki mbili zikipita kimya, uliza mara moja kwa heshima, halafu endelea kwingine.

Wazazi, msiwacheke vijana wanaorudi mikono mitupu. Mwenye kujaribu bado yuko njiani. Msomee jirani asiyejua kusoma ukurasa huu.