Vyama vya Madaktari na Mapambano Dhidi ya Kiharusi

Mtahiniwa, mada hii itakufaa katika ufahamu, hotuba na insha za hoja. Isome ukielewa, usikariri.

Kiharusi ni hali ya sehemu ya ubongo kukosa damu, ama kwa kuwa mshipa umezibwa na damu iliyoganda, ama kwa kuwa mshipa umepasuka. Shika vizuri aina hizo mbili. Utazihitaji hapa chini. Dalili huja ghafla: mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kutotoka sawasawa.

Huku kwetu Kibondo wapo wanaoziona dalili hizo wakasema mtu amerogwa. Jirani yangu mmoja alizungushwa kwa waganga siku mbili kabla ya kufikishwa hospitali. Mkono wake wa kulia haujarudi hadi leo. Hii ndiyo sababu kazi ya kwanza ya vyama vya kitaaluma ni elimu. Shirika la Kiharusi Duniani, lililoundwa mwaka 2006 kwa kuunganisha vyama viwili, huadhimisha Siku ya Kiharusi Duniani kila tarehe 29 Oktoba. Afrika nayo ilipata shirika lake la kiharusi mwaka 2020.

Kazi ya pili ni kuandaa miongozo ya tiba. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humsaidia mgonjwa akipewa ndani ya saa 3. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza muda huo hadi saa 4 na nusu, na miongozo ikabadilishwa. Lakini dawa hiyohiyo akipewa mgonjwa ambaye mshipa wake umepasuka, inaweza kumuua. Kwa hiyo mwongozo hudai kichwa kipigwe picha ya CT kwanza. Sasa fikiria mgonjwa wa kijijini Kibondo au Kasulu: saa hizo zinaweza kuishia barabarani. Watahiniwa wengi hueleza mwongozo ni nini wakasahau kueleza kwamba unahitaji vifaa.

Kazi ya tatu, utafiti, ina mfano mzuri hapa nchini. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, watafiti walifuatilia wakazi wa Hai, mkoani Kilimanjaro, na wa sehemu ya Dar es Salaam. Hawakungoja wagonjwa hospitalini tu, maana wengine hufia nyumbani. Waliwahoji pia ndugu wa marehemu. Walipata wagonjwa 636. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Ni karibu mara tatu! Bila kusawazisha, tofauti ilikuwa ndogo, kwa sababu wakazi wengi wa mjini ni vijana, na kiharusi huwapata zaidi wazee. Ukipewa takwimu kwenye mtihani, uliza kwanza umri wa watu waliohesabiwa.

Taarifa ya mwaka 2013 kutoka maeneo hayohayo ilihusisha kiharusi na shinikizo la damu, uvutaji wa sigara na maambukizi ya VVU, miongoni mwa mambo mengine. Shinikizo la damu hupimwa hata kwenye kituo cha afya kisicho na mashine ya CT. Ukiulizwa chama cha madaktari kianzie wapi katika wilaya kama yetu, hoja hiyo itangulie.