Mjadala wa uwindaji wamsahau nguruwe pori

MJADALA wa uwindaji hapa nchini huanzia na kuishia kwa tembo na simba. Wanaoupinga hutaja Selous, ambako tembo walikuwa zaidi ya 100,000 mwaka 1976, na mwaka 2013 wakahesabiwa 13,084. Wanaoutetea hujibu kwamba hiyo ilikuwa kazi ya majangili, na kwamba ada za watalii wawindaji ndizo zilizosaidia kulipia doria na kuchangia mifuko ya halmashauri.

Mkulima wa Mitole, wilayani Kilwa, hayumo katika mabishano hayo. Adui yake ni nguruwe pori, mnyama ambaye ada yake ya uwindaji ni ndogo mno akilinganishwa na simba. Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika pwani hii, hata kitoweo si. Hana soko, kwa hiyo hana mwindaji.

Hasara haiishii kwenye mihogo iliyofukuliwa. Mahindi na mpunga vikikaribia kukomaa, watu huhamia shambani na kulala katika dungu. Aliyekesha akipiga debe usiku hawezi kupalilia ufuta vizuri mchana, na ufuta ndio unaoleta fedha nyumbani.

Halafu yupo simba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, hasa katika wilaya za kusini mashariki, na mashambulizi yalizidi Machi hadi Mei, wakati wa mavuno. Palipopungua mawindo mengine, simba alimfuata nguruwe shambani, na huko akamkuta mtu kwenye dungu.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa aliyeuawa na mnyama hatari. Kifuta jasho cha mazao kilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari. Nguruwe hakuwekwa katika orodha ya wanyama hao, kwa hiyo muhogo alioula haukuwa na fidia.

Sheria ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kuua mnyama ili kulinda maisha au mali yake, lakini inakataza mitego ya nyaya na mashimo. Katazo hilo lina sababu nzuri, maana waya haubagui nguruwe na swala. Tatizo ni kwamba mkulima asiye na bunduki hubaki na mbwa, mkuki na debe.

Wapo wanaouliza kama ni haki kuua mnyama usiyemla. Kwa maoni yangu, swali hilo lina uzito kwa anayewinda ili kujifurahisha kuliko kwa anayelinda chakula cha watoto wake. Fedha za uwindaji zinazofika halmashauri zingeanza kwa kulipia msako wa nguruwe chini ya ofisa wanyamapori, Januari na Februari, kabla watu hawajapanda kwenye madungu.