Kiangazi Kiko Mlangoni: Tuombe, na Tutayarishe Nyumba



Masomo ya kusoma pamoja nyumbani: Mwanzo 8:22, Mwanzo 41:25-36, Methali 6:6-8, Marko 6:30-32.

Hapa Bukavu mvua zimeanza kupungua. Vumbi linainuka barabarani, na usiku tunatafuta blanketi la pili. Kwetu Kivu Kusini kiangazi huanza mwezi wa sita na kuendelea mpaka mvua zirudi mwezi wa tisa. Ni majira mazuri. Watoto wanafunga shule, ndoa zinakuwa nyingi, jamaa wanatembeleana, na mikutano ya injili inaweza kufanywa uwanjani bila kuogopa mvua. Lakini ni majira hayo hayo ambamo nyumba zinaungua, maji yanakuwa taabu na watoto wanakohoa. Ndiyo maana juma hili tunapenda kueleza namna nyepesi za kujitayarisha, ili tuyafurahie kweli.

Kuna neno moja tunalolisikia mara nyingi kati yetu sisi watu wa maombi: "Mimi namtegemea Mungu. Kujitayarisha sana ni kukosa imani." Tusome habari ya Yusufu. Mungu ndiye aliyemwonyesha Farao miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa. Lakini ndoto haikujaza ghala. Yusufu alihesabu, akashauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba, akasimamia kazi mpaka mwisho. Ufunuo ulitoka kwa Mungu, na mikono ilikuwa ya watu. Hata chungu, ambaye Sulemani anamtuma mvivu akajifunze kwake, hana wa kumsimamia, lakini anajua wakati wa kukusanya. Sisi hatuhitaji hata ndoto ili tujue kwamba kiangazi kinakuja. Kinakuja kila mwaka, mwezi ule ule.

Moto

Tuanze na jambo linalotuuma zaidi. Kila kiangazi tunasikia kilio cha moto katika Kadutu na kata nyingine za mji. Nyumba nyingi ni za mbao, zimeshikana, na vijia ni vyembamba, gari la zima moto haliwezi kupita. Mbao zikikauka kwa jua la miezi miwili, moto unaruka toka paa moja hadi lingine kabla watu hawajapata ndoo ya kwanza ya maji.

Kiangazi kimoja, mama mmoja wa kanisa letu alikuwa anapiga pasi jioni ya siku ya kesha. Umeme ukakatika. Akaacha pasi juu ya kitambaa, akawalaza watoto watatu, akafunga mlango kwa ufunguo toka nje, akaja kuomba pamoja nasi. Karibu saa sita ya usiku umeme ukarudi. Jirani akasikia harufu ya moshi, akaita wengine, wakavunja mlango. Watoto walitoka wazima, utukufu kwa Bwana. Lakini nyumba ile na mbili za kando yake ziliteketea. Tulipokwenda kumfariji, alituambia, "Niliombea nyumba ile kila siku. Ile pasi ndiyo sikuikumbuka."

Hatulisemi neno hili ili kumhukumu. Sisi wenyewe tulijiuliza: tulimwita keshani, lakini nani kati yetu alimuuliza, "Mama, watoto wanabaki na nani?" Basi tukumbuke mambo haya:

- Umeme ukikatika, toa pasi na kila chombo kwenye prizi mara moja. Usingoje urudi.
- Usifungie watoto ndani kwa ufunguo toka nje, hata kama unakwenda kuomba. Wazazi wenye watoto wadogo wapokezane: usiku huu mmoja anakesha kanisani, mwingine anabaki na watoto wa nyumba mbili au tatu.
- Mshumaa usikae juu ya godoro wala karibu na pazia. Uweke ndani ya sahani yenye mchanga au maji kidogo, na uzimwe kabla ya kulala.
- Petroli ya kuuza isilale ndani ya nyumba. Ndugu zetu wanaouza kwenye chupa barabarani, wale tunaowaita kadafi, watafute pahali pa mbali na jikoni.
- Weka ndoo ya mchanga karibu na mlango. Moto wa mafuta au wa umeme usiumwagie maji. Wa mafuta ufunike kwa mchanga. Wa umeme, kata umeme kwanza.

Baridi ya usiku

Mji wetu uko juu, karibu metre 1500, na usiku wa mwezi wa saba una baridi. Wengine huingiza jiko la makala chumbani ili kupata joto, wakifunga mlango na dirisha. Wapendwa, jambo hili linaua. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa na kusikia kizunguzungu, na akiwa usingizini hasikii lolote. Asubuhi watu wanasema nyumba imerogwa, na familia moja inaanza kushitaki nyingine. Si uchawi, ni makala. Jiko libaki nje. Chumbani tuvae nguo nzito na watoto walale pamoja.

Vumbi nalo linaleta kikohozi na macho mekundu. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, na funika chakula. Mtoto akipumua haraka sana, au ngozi ya chini ya mbavu ikiingia ndani kila anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Muombee njiani, usimcheleweshe nyumbani ukiomba.

Maji

Kiangazi mabomba hukauka na chemchemi hupungua. Foleni za bidoni zinakuwa ndefu, na watu wanachota popote. Hapo ndipo kolera inapopata njia, kwa sababu inaingia kwa kinywa, kupitia maji au chakula kilichoguswa na uchafu wa choo. Sisi wa Kivu na wa Uvira tunaijua vizuri mno.

Mvua za mwisho zikinyesha, safisha mapipa na bidoni, jaza, na funika. Maji hayo yafae kwa kufua na kuosha nyumba, ili yale ya bomba yabaki kwa kunywa na kupika. Maji ya kuoshea mboga mwagilia bustani.

Maji ya kunywa yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa, yaachwe hivyo kwa dakika chache, kisha yawekwe katika chombo chenye kifuniko. Kama makala ni ghali, kiangazi chenyewe kinatusaidia. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ioshe vizuri, ijaze maji yasiyo na matope, ifunge, uilaze juu ya bati kwenye jua kali kwa saa 6. Mawingu yakiwa mengi, iache siku mbili nzima. Jua linaua vijidudu. Lakini maji ya matope lazima yachujwe kwanza, maana jua halipenyi ndani yake.

Mtu akianza kuhara maji matupu, asingoje. Mnyweshe mchanganyiko huu kidogo kidogo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe hata mnapokuwa njiani kwenda kituo cha afya, kwa maana kolera inaweza kuua ndani ya saa chache.

Neno moja zaidi: tusiwatume wasichana peke yao kuchota maji saa kumi ya usiku. Baba au kaka wanaweza kubeba bidoni. Hakuna Andiko linalokataza.

Chakula

Kiangazi ni wakati wa kukausha. Muhogo, maharagwe na mahindi vianikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, na viingizwe ndani kila jioni kabla ya umande. Mbegu iliyokauka vizuri huvunjika kwa jino kwa sauti. Iliyo laini bado itaota kuvu ndani ya gunia, na chakula chenye kuvu ni sumu hata ukikipika.

Muhogo mchungu tuuangalie zaidi. Una sumu ndani yake, na sumu hiyo hutoka kwa kuuloweka majini siku tatu au zaidi, kisha kuuanika. Kiangazi maji yakiwa haba, na wanunuzi wakiwa wanangoja, wengine huuloweka siku moja tu. Katika nchi yetu, tangu Kwango na sehemu nyingine, ugonjwa unaoitwa konzo umelemaza miguu ya watoto na wamama wengi kwa njia hiyo. Unakuja kwa ghafula na mguu haurudi tena kama zamani. Tusiukatize muda wa kuloweka, na tule muhogo pamoja na maharagwe au sambaza, kwa maana vyakula hivyo vinausaidia mwili kutoa sumu inayobaki.

Na wenye kipande cha bonde wasiache kikae bure. Udongo wa bondeni unashika maji. Lengalenga, kabeji na vitunguu vilivyopandwa mwezi wa sita vitaliwa wakati sokoni mboga ni ghali. Asiye na bonde apande ndani ya magunia uani.

Watoto na likizo

Shule zikifungwa, mtoto ana miezi miwili mikononi mwake. Asipopewa la kufanya, barabara itampa. Tumwekee siku mpango mwepesi: asubuhi kazi ya nyumbani, kisha kusoma kidogo, alasiri kucheza. Mwenye miaka kumi na zaidi anaweza kukaa na fundi cherehani, seremala au mama muuzaji, ajifunze kazi. Babu na bibi kijijini wanamngoja pia, kama njia ina usalama. Huko atajifunza lugha ya nyumbani na majina ya ukoo wake.

Ziwa linawavuta watoto siku za jua. Wasiende bila mtu mzima anayejua kuogelea, na mtu huyo awaangalie watoto, si simu.

Feza ya mwezi wa tisa

Kiangazi ni wakati wa michango ya ndoa, na sare za kwaya, na safari. Halafu mwezi wa tisa unafika, na mzazi hana daftari wala viatu. Elimu ya msingi katika shule za serikali haina malipo tangu 2019, lakini sare na vitabu vinanunuliwa, na sekondari ina malipo yake. Andika leo hesabu ya kila mtoto. Kama mko katika likelemba, ombeni zamu yenu iangukie mwisho wa mwezi wa nane. Na mkiombwa mchango mkubwa kuliko uwezo, semeni kwa upole, "Ndugu, hiki ndicho tulicho nacho." Ndoa haiharibiki kwa ajili ya hayo.

Kufurahi

Mungu aliahidi katika Mwanzo 8 kwamba majira hayatakoma maadamu dunia ipo. Kwa hiyo kiangazi nacho ni zawadi yake. Bwana Yesu, alipoona wanafunzi wamechoka hata hawapati nafasi ya kula, aliwaita waende kando wapumzike. Hakuwaambia wafunge siku tatu. Kupumzika si dhambi.

Furaha ya kiangazi haihitaji feza nyingi. Toeni mkeka uani jioni, mchome mahindi, babu asimulie alivyookoka. Mwende mmoja kwa mwingine, hasa kwa wajane na kwa wale waliohama kwa sababu ya vita, ambao hawana kijiji cha kurudia mwaka huu. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi tunasafisha makaburi ya wapendwa wetu. Mchana tuwape wazazi walio hai neno jema wakiwa bado wanasikia.

Kazi ya juma hili

Kila nyumba ichague mambo matatu na kuyafanya kabla ya siku ya Bwana: kusafisha mapipa, kuweka ndoo ya mchanga mlangoni, kuandika hesabu ya shule. Katika kikundi cha maombi, muulizane: nani kati yetu ana watoto wanaobaki peke yao usiku? Nani hawezi kuchota maji kwa sababu ya uzee au ugonjwa? Mkipata jibu, pangeni zamu papo hapo, kisha ombeni.

Mama yule aliyeunguliwa nyumba amejengewa nyingine na mikono ya kanisa. Siku tulipoiweka wakfu, shemasi alipomaliza kuomba, mama alimwambia, "Ngojeni kidogo." Akaingia ndani, akatazama prizi zote, kisha akarudi na kusema, "Amina."

Bwana awape kiangazi chenye amani. Amina.