Abarait: Kisu cha Mkononi cha Waturkana

Mgeni afikaye Lokiriama, magharibi ya Lodwar karibu na mpaka wa Uganda, pengine atamwona mzee aliyevaa mkononi kitu kama bangili pana, kilichozungushiwa ukanda wa ngozi. Hiyo si bangili. Ni kisu, na Waturkana hukiita abarait.

Abarait ni bamba la chuma la mviringo lenye tundu la kupitishia mkono. Ukingo wa ndani ni butu, usije ukamdhuru mwenyewe. Ukingo wa nje hunolewa ukawa mkali kama wembe. Ule ukanda hufunika makali, nao hufunguliwa wakati wa kukata nyama au wa kupigana. Wakaramojong na Wapokoti nao walivaa visu vya namna hii.

Faida yake ni kwamba hakishikwi kwa vidole. Mwenye kukivaa aliweza kushika mkuki kwa mkono ule ule, na ngao kwa mkono wa pili; na mkuki ukiisha kutupwa, hakubaki mikono mitupu. Lakini makali yenyewe yametokeza kiasi cha vidole vichache tu, kwa hiyo ilimpasa mtu aingie ndani ya ngao ya adui, kifua kwa kifua, kama bondia hodari wa zamani aliyejua kupiga ngumi fupi akiwa amebanwa, kabla marefa hawajazoea kuwatenganisha watu upesi. Aliyekosea hatua alikatwa yeye. Ufundi wa namna hiyo haufundishwi kwa maneno.

Ulioondoa ufundi huo ni wingi wa bunduki. Bunduki zilikuwapo Turkana tangu mwanzo wa karne ya 20, zikitoka Uhabeshi, ila hazikuwa za kila mtu. Mwaka 1973 wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko wa Karamoja walikutana Lokiriama, wakapatana na kufukia silaha ardhini. Miaka 6 baadaye, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto, na Wamatheniko wakalipora ghala la silaha. Bunduki zikaenea nchi zote za jirani. Tangu hapo kijana hakuwa na haja ya kujifunza kuingia ndani ya ngao, kwa maana aliweza kumpiga mtu aliye mbali mita 300 asimtambue uso. Ngao za ngozi ya nyati nazo zikaachwa, kwani hazizuii risasi.

Hii si kusema kwamba vita vya visu vilikuwa vyema. Jeraha la abarait ni baya mno. Lakini mwenye kisu hakuweza kuwadhuru ila wale aliowafikia, na ilikuwa rahisi zaidi kujua ni nani aliyemkata nani, jambo ambalo wazee hawana budi kulijua fidia inapodaiwa. Risasi ya usiku haina wa kuulizwa.

Hata hivyo mapatano ya Lokiriama hayakufa pamoja na visu. Mnara wa kumbukumbu umesimama hapo, na Waturkana na Wamatheniko hukusanyika mwezi wa Septemba kuyakumbuka.